Namba Tano na Barabara ya Songea: Kazi ya Beki katika Historia ya Soka la Ruvuma

Kumbukumbu za soka nchini Tanzania zimeandikwa kwa kufuata goli: mwandishi wa gazeti huandika jina la mfungaji na dakika aliyofunga, mtangazaji wa redio hulirudia jina hilo mpaka msikilizaji aliyeko Mbamba Bay alishike, na miaka arobaini ikishapita kinachobaki katika makabrasha ni orodha ya wafungaji, matokeo na jina la uwanja. Beki, yaani mchezaji anayesifiwa kwa sababu ya jambo ambalo halikutokea, hana mstari wake katika orodha hiyo, isipokuwa siku aliyopanda mbele akafunga, au siku aliyojifunga. Kwa sababu hiyo historia ya mabeki wa mkoa wa Ruvuma, na hasa ya vijana waliokulia Mbinga na katika mwambao wa Ziwa Nyasa, haiwezi kusomwa katika orodha za mabao peke yake. Inapaswa kutafutwa katika viwanja vya misheni, katika shule, katika timu ya mkoa yenye makao yake Songea, na katika barabara, kwa kuwa umbali ndio uliokuwa mpinzani wa kwanza wa kila kijana wa upande huo aliyetaka kucheza mpira mbele ya macho ya taifa.

Lugha ya wachezaji wenyewe inasaidia kuielewa kazi hii. Kwa muda mrefu nafasi za uwanjani zilitajwa kwa namba za jezi: namba mbili alikuwa beki wa kulia, namba tatu beki wa kushoto, na namba nne na tano mabeki wa kati, ambao mmoja wao alikabidhiwa kumkaba mshambuliaji mkuu wa wapinzani popote alipokwenda, ilhali mwenzake, aliyeitwa mkoba, alibaki nyuma kidogo bila mtu maalumu wa kumkaba, akiusoma mchezo na kufagia kila kilichopenya. Beki asiyepitika kirahisi aliitwa kisiki. Aliyeupiga mpira mbele bila kuangalia unakokwenda alisemwa anabutua. Na mchezaji anayeweza kucheza nafasi yoyote anayopangwa aliitwa, na bado anaitwa, kiraka, kwa mfano wa kitambaa kinachoshonwa mahali nguo ilipochanika. Neno hilo la mwisho lina sifa na dharau ndani yake kwa pamoja, maana kiraka huokoa nguo, lakini hakuna aliyewahi kwenda dukani kununua nguo kwa ajili ya kiraka chake.

Ardhi ya Mbinga na Nyasa imegawanyika kwa namna inayoonekana hata mpirani. Juu, katika Umatengo, ni milima na mabonde yenye kimo cha zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, ambako Wamatengo wamelima kwa vizazi vingi kwa mtindo wa ngoro, yaani vishimo vilivyopangwa juu ya mteremko mfano wa macho ya wavu ili maji ya mvua yatuame na udongo usichukuliwe, na ambako kahawa imekuwa zao la fedha tangu zama za ukoloni wa Waingereza. Chini, Ziwa Nyasa liko katika kimo cha mita zipatazo 475 tu, na kati ya maji na milima umelala ukanda mwembamba unaopita Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, wenye mchanga, mihogo na mitumbwi ya wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwa hilo. Sehemu hizi mbili ziliongozwa kama wilaya moja ya Mbinga mpaka mwaka 2012, mwambao ulipopewa wilaya yake, iliyoitwa Nyasa, na makao yake yakawekwa Mbamba Bay.

Umatengoni tambarare ya kutosha uwanja mzima ni mali adimu, na palipo na tambarare, mara nyingi mahindi yametangulia. Mpira wa watoto ulikuwa uleule unaojulikana kila pembe ya nchi: matambara na mifuko ya nailoni vilivyofumbatwa na kukazwa kwa kamba, usiodunda sana, unaokunywa maji mvua ikinyesha mpaka ukawa mzito kama jiwe. Katika chandimu, yaani mchezo wa watoto usio na refa wala mipaka, mpira kama huo ukimpita beki aliyesimama upande wa chini wa mteremko haurudi. Unabingirika mpaka kwenye mibuni, na yule aliyeuruhusu umpite ndiye anayeufuata huko bondeni na kuupandisha tena huku wenzake wakimsubiri. Ni shule ya ulinzi isiyohitaji mwalimu. Mwambaoni mambo yalikuwa kinyume: juu ya mchanga mpira hufa mguuni, mbio huchosha upesi, na anayejua kuunyanyua mpira juu ya vichwa ana faida kuliko anayeukokota. Huko, milingoti ya goli ikipata wavu, basi wavu wenyewe ni wa uvuvi uliochakaa, wenye matobo ambayo hayazuii tena usipa lakini yanatosha kuzuia mpira.

Mchezo huu uliingia katika eneo hili kwa milango miwili ya kidini. Mlango wa kwanza ulikuwa ziwa lenyewe. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, shirika la Kianglikana la Waingereza lililojulikana kwa herufi zake UMCA, ilikuwa na makao Unguja tangu mwaka 1864, na katika shule yake ya Kiungani vijana, ambao wengi wao walikuwa wamekombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa, walicheza mpira wa miguu katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, mapema kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Afrika Mashariki. Shirika hilohilo liliweka kituo katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885, likazunguka vijiji vya ufukweni kwa meli zake, kwanza Charles Janson na baadaye Chauncy Maples, na likawaleta ziwani walimu na mapadri waliolelewa Unguja, akiwemo Augustine Ambali, mwanafunzi wa Kiungani aliyeitumikia misheni ya Nyasa kwa miongo mingi. Mtu mkuu wa vitabu na safari wa upande huu, William Percival Johnson, kasisi wa ngazi ya juu, alizunguka mwambao kwa zaidi ya miaka arobaini na akafia Liuli mwaka 1928. Walimu kama Ambali walikuja na ratiba ya siku waliyoizoea, ambamo sala, darasa, kazi ya mikono na mchezo wa jioni vilipangwa kuwa kitu kimoja, kwa kuwa Waingereza wa zama zile waliamini kwamba tabia ya kijana hufinyangwa uwanjani kama inavyofinyangwa kanisani.  

Mlango wa pili ulikuwa wa nchi kavu. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia kutoka Ujerumani walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera, katika njia ya kwenda Mbinga, mwaka uliofuata. Peramiho iliteketezwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, ikajengwa upya, na mwaka 1931 ikawa abasia, yaani monasteri kubwa yenye abati wake. Kila misheni ya namna hiyo ilijengwa kwa mpango unaofanana: kanisa, shule, karakana, zahanati, bustani ya matunda, na eneo la wazi lililosawazishwa mbele ya shule. Eneo hilo la wazi ndilo lililokuwa, katika kata nyingi za Umatengo, uwanja pekee ambao mpira ungeweza kuwekwa katikati bila kubingirika. Kigonsera ilipata seminari, na miongoni mwa vijana waliosoma hapo mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa Benjamin Mkapa, mwenyeji wa Lupaso huko Masasi, ambaye baadaye akawa Rais wa awamu ya tatu na ambaye jina lake lilipewa Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam baada ya kifo chake mwaka 2020. Kwa hiyo kila beki wa Ruvuma anayefika kucheza katika uwanja mkuu wa nchi anacheza chini ya jina la mtu aliyewahi kuamshwa na kengele ya Kigonsera.

Baada ya uhuru kazi ya kuibua wachezaji ilihama polepole kutoka mikononi mwa mapadri kwenda mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 1967 iliunda Baraza la Michezo la Taifa. Michezo ya shule za msingi na ya sekondari, inayojulikana leo kwa majina ya UMITASHUMTA na UMISSETA, iliwapandisha vijana hatua kwa hatua kutoka shule, kata na wilaya mpaka mkoa. Na Kombe la Taifa, mashindano ya timu za mikoa, liliupa kila mkoa sababu ya kutafuta wachezaji katika pembe zake za mbali. Mchezaji wa wakati huo alikuwa wa ridhaa, maana yake hakulipwa mshahara kwa ajili ya mpira, bali aliajiriwa na shirika la umma, jeshi, kiwanda au ushirika, akafanya kazi asubuhi na mazoezi jioni. Kwa kijana wa Mbinga ngazi hizo zote zilielekea mahali pamoja, Songea, umbali unaokaribia kilomita 100, na aliyetoka mwambaoni alipaswa kwanza kupanda kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga, kilomita 66 za milima ambazo wakati wa masika zilikuwa za matope na za kusukuma gari kuliko kulipanda.

Songea kulikuwa na Majimaji. Jina la timu hiyo, kama la uwanja wake, linatokana na vita vya mwaka 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani, ambavyo katika mji huohuo vilimalizika kwa kunyongwa kwa viongozi wa Wangoni tarehe 27 Februari 1906. Na jina lake la utani, Wanalizombe, linatokana na lizombe, ngoma ya Wangoni. Ni vigumu kupata timu nyingine nchini iliyobeba historia ya mkoa wake mabegani kwa kiasi hicho. Mashabiki wa Majimaji hawakuwa Wangoni peke yao, kwa kuwa Wamatengo, Wanyasa, Wandendeule na Wayao wa mkoa huo hawakuwa na timu nyingine ya kushangilia katika ligi ya taifa, na katika miaka ambayo Simba na Yanga ziligawana mapenzi ya nchi nzima, mkoa huu ulikuwa miongoni mwa michache iliyoweza kumwambia mtoto kwamba timu yake ni ya kwao.

Hapo ndipo barabara inapoingia katika simulizi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 safari kutoka Songea kwenda Makambako, ambako mtu alikutana na reli ya TAZARA na barabara kuu ya Dar es Salaam, ilikuwa ya vumbi au matope kwa umbali unaokaribia kilomita 300, na timu ya Dar es Salaam iliyopangiwa mchezo Songea iliiona safari yenyewe kama nusu ya adhabu. Barabara ya lami ya Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Uingereza, ilikamilika katikati ya muongo huo. Na katika mwaka 1985, na tena mwaka 1986, Majimaji ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1982 ili kuzikutanisha timu bora za Bara na za Zanzibar. Haiwezi kusemwa kwamba lami ndiyo iliyoleta kombe, kwa kuwa lami haifungi wala haikabi, na mwaka huohuo wa 1986 Tukuyu Stars ya Mbeya ilitwaa ubingwa wa Bara, jambo linaloonyesha kwamba Nyanda za Juu Kusini zote zilikuwa katika msimu wa neema. Hata hivyo ni haki kusema kwamba ligi ya nyumbani na ugenini hupima pia uvumilivu wa kusafiri, na timu iliyozoea kusafiri siku mbili katika mashimo, ikipewa barabara nzuri, hufika uwanjani na miguu ambayo wapinzani wake hawakuitarajia.

Ubingwa wa namna hiyo hujengwa nyuma. Timu ya mkoani iliyotaka kurudi na pointi kutoka Dar es Salaam haikuweza kutegemea kuwazidi Simba au Yanga kwa ufundi wa washambuliaji, kwa sababu washambuliaji wazuri wa mikoani walikuwa wakinyakuliwa mapema na klabu hizohizo; ilitegemea kutofungwa. Mshambuliaji hodari akionekana katika michezo miwili, kigogo wa klabu hizo za Kariakoo, Dar es Salaam, alikuwa ameshafunga safari. Beki alihitaji kuonekana kwa misimu mingi ndipo athaminiwe, na kwa hiyo alibaki. Huenda hiyo ndiyo sababu mkoa uliokuwa mbali ukajenga sifa ya timu ngumu kabla ya sifa ya timu ya kuvutia.

Hali hii haikuwa ya Tanzania peke yake, na mfano ulio karibu zaidi kwa muundo unapatikana Polandi, nchi ambayo jina lake si geni Kusini, kwa kuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili wakimbizi wa Kipolandi waliwekwa katika kambi kadhaa za Tanganyika, ikiwemo ya Kidugala upande wa Njombe. Beki mkubwa wa nchi hiyo, Władysław Żmuda, aliyezaliwa Lublin mwaka 1954, alicheza Gwardia Warszawa, iliyokuwa chini ya polisi, kisha Śląsk Wrocław, iliyokuwa ya jeshi, kisha Widzew ya mji wa viwanda vya nguo wa Łódź. Yaani alipita katika taasisi za dola na za kazi kama vile mchezaji wa Kitanzania wa wakati huo alivyopita katika timu za jeshi, za reli au za pamba. Serikali ya nchi yake haikuwaruhusu wachezaji kwenda nje wakiwa vijana, na Żmuda alifika Verona ya Italia mwaka 1982 akiwa na umri wa miaka 28, alipokuwa ameshamaliza sehemu kubwa ya kazi yake. Kabla na baada ya hapo alicheza katika fainali nne za Kombe la Dunia, kuanzia 1974 hadi 1986, jumla ya michezo 21, na mara mbili, 1974 na 1982, Polandi ilishika nafasi ya tatu. Mtu akimuuliza shabiki wa kawaida kuhusu Polandi ya miaka hiyo atatajiwa Lato na Boniek, washambuliaji; Żmuda hutajwa na wanaohesabu michezo.

Uhusiano kati ya soka la Polandi na la Tanzania ulikuwa pia wa moja kwa moja. Tanzania ilipofuzu kwa mara ya kwanza fainali za Mataifa ya Afrika, baada ya bao la Peter Tino kuiwezesha kutoka sare ya 1-1 na Zambia mjini Ndola mwezi Agosti 1979, timu iliyokwenda Nigeria mwaka 1980 iliongozwa na kocha Mpolandi, Sławomir Wołk, akisaidiana na wazalendo akiwemo Joel Bendera. Katika kikosi hicho safu ya ulinzi ilikuwa na Leodegar Tenga, aliyekuwa nahodha, na Jella Mtagwa, ambao wote walikuwa watu wa kusoma mchezo kuliko kubutua. Tenga, mhandisi kwa elimu, aliongoza baadaye Shirikisho la Soka la Tanzania kuanzia mwaka 2004 hadi 2013, na Mtagwa alipata heshima ambayo mabeki wachache sana duniani wameipata, ya kuwekwa sura yake katika stempu ya posta ya nchi yake. Tanzania ilifungwa 3-1 na Nigeria, waliokuwa wenyeji na waliotwaa kombe hilo, ikafungwa 2-1 na Misri, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Côte d'Ivoire. Vizazi vilivyofuata vimekariri kwamba Juma Mkambi alifunga moja na Thuwein Ally mawili. Anayeisoma orodha hiyo kutoka upande wa beki huona namba nyingine: mabao matatu, kisha mawili, kisha moja, yaani safu ya ulinzi iliyokuwa ikijifunza mashindano makubwa mchezo kwa mchezo, mpaka muda ukaisha.

Majimaji ilitwaa ubingwa wa Muungano mara ya tatu mwaka 1998, na hiyo ikawa mara ya mwisho. Mashirika ya umma yaliyokuwa yakiajiri wachezaji yalikuwa yamebinafsishwa au kufungwa, ushirika ulikuwa umedhoofika, na bei ya kahawa ya Mbinga ilipanda na kushuka kwa amri ya masoko ya mbali. Tangu Mtibwa Sugar ya Morogoro ilipotwaa ubingwa wa Bara mwaka 1999 na 2000, kombe la ligi halijatoka tena Dar es Salaam. Majimaji ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2015/16, wakati haki za kurusha michezo kwa televisheni zilikuwa zimeshaanza kuleta fedha katika kila klabu, na ikashuka mwishoni mwa msimu wa 2017/18, pamoja na jirani yake Njombe Mji, kiasi kwamba barabara yote ya lami kutoka Makambako hadi Songea ilibaki bila timu hata moja ya Ligi Kuu.

Njia ya zamani ya shule, mkoa, Songea na Dar es Salaam ilipovunjika, mchezaji alilazimika kujitafutia njia yake. Kazi ya Erasto Edward Nyoni, aliyezaliwa tarehe 7 Mei 1988 na ambaye jina lake la ukoo ni la kawaida katika madaftari ya mahudhurio ya Songea na Mbinga, ni ya kizazi hiki kipya cha wachezaji wa kulipwa, wenye mikataba na mishahara inayotokana na mpira wenyewe. Alicheza Vital'O ya Bujumbura kabla ya miaka mingi ya Azam, klabu iliyoanzishwa na wafanyakazi wa kampuni za Bakhresa na kupanda Ligi Kuu mwaka 2008. Akiwa Azam alishiriki ubingwa wa msimu wa 2013/14, ambao klabu hiyo iliupata bila kupoteza mchezo hata mmoja, na alikuwepo klabuni mwaka 2015, Azam ilipotwaa Kombe la Kagame, yaani mashindano ya klabu za Afrika Mashariki na Kati, bila nyavu zake kutikiswa tangu mchezo wa kwanza mpaka fainali dhidi ya Gor Mahia ya Kenya. Rekodi ya namna hiyo ni kazi ya mabeki na golikipa kuliko ya mtu mwingine yeyote, na pengine ndiyo sababu haizungumzwi sana vijiweni.

Mwaka 2017 alihamia Simba, akawemo katika misimu minne mfululizo ya ubingwa, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, na katika kikosi kilichofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mara mbili, mwaka 2019 na 2021. Katika miaka hiyo yote waandishi walimwita kiraka. Alicheza beki wa kulia, beki wa kati na kiungo mkabaji, yaani mchezaji anayesimama mbele ya mabeki na kuvunja mashambulizi kabla hayajawafikia, na kocha aliyekuwa na pengo lolote nyuma alijua wa kumpeleka. Neno hilo, kama ilivyokwishaelezwa, halimpi mtu heshima kamili. Lakini kwa hesabu ya miaka limemtendea mema, kwa sababu mwenye nafasi moja huondoka akitokea anayeiweza nafasi hiyo kuliko yeye, na mwenye nafasi tatu huondoka baada ya kupitwa mara tatu. Mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 35, alijiunga na Namungo ya Ruangwa mkoani Lindi, na hivyo akarudi Kusini, ijapokuwa upande wa bahari.

Katika timu ya taifa jina lake limeandikwa hasa katika siku alizofanya kazi isiyo yake. Tarehe 16 Juni 2007, akiwa na miaka 19, alifunga bao pekee la ushindi dhidi ya Burkina Faso mjini Ouagadougou, katika zama za kocha Mbrazili Marcio Maximo. Tarehe 24 Machi 2019 alifunga kwa penalti bao la pili katika ushindi wa 3-0 dhidi ya Uganda, uliorudisha Tanzania katika fainali za Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39, na bao la tatu siku hiyo lilifungwa na beki mwingine, Aggrey Morris. Kati ya Ouagadougou na fainali hizo za mwaka 2019, zilizofanyika Misri, ilipita miaka 12, ambayo ndani yake kuna mamia ya mipira aliyoikata, ya vichwa na ya miguu, isiyo na tarehe.

Mchezo wa Omdurman, tarehe 18 Oktoba 2019, unafaa kutazamwa kwa karibu zaidi. Tanzania ilikuwa imefungwa 1-0 na Sudan jijini Dar es Salaam katika kufuzu michuano ya CHAN, ambayo hushirikisha wachezaji wanaocheza ligi za ndani ya nchi zao tu, na katika mchezo wa marudiano Sudan ilitangulia tena kufunga, hivyo kuongoza kwa mabao mawili kwa jumla. Nyoni alisawazisha dakika ya 49 kwa mpira wa adhabu, na dakika ya 79 Ditram Nchimbi akafunga la pili: majina mawili ya ukoo ambayo msikilizaji wa Mbinga au Liuli aliyatambua kuwa ya kwao. Kwa kanuni ya bao la ugenini matokeo hayo yalitosha, lakini bao moja tu la Sudan lingetosha pia kuyafuta yote. Karatasi ya mchezo ina mstari wa dakika ya 49 na mstari wa dakika ya 79. Kuanzia hapo mpaka filimbi ya mwisho zilibaki dakika 11 na za nyongeza, Sudan ikishambulia mbele ya mashabiki wake, na katika karatasi hiyo nafasi ya dakika hizo ni nyeupe.